Je, Onyo la Trafiki ni Msamaha?



Jumamosi moja ya mwezi wa nane tulikuwa tukirudi mjini Dodoma kutoka mazishini, upande wa Kongwa. Gari lilikuwa la parishi, na mimi ndiye niliyeshika usukani, kwa kuwa dereva wetu alikuwa mgonjwa. Nilikuwa pamoja na akina mama wanne wa Umoja wa Mama. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na kila mmoja alikuwa akiwaza mambo ya nyumbani kwake. Tukaingia kijiji kimoja ambacho shule yake iko kando kabisa ya lami. Kibao cha 50 nilikiona. Nasema nilikiona, nisije nikajitetea mbele yenu.

Askari kijana aliyevaa sare nyeupe alitoka kivulini akanyosha mkono. Akaja dirishani. "Shikamoo mzee." Nikamwitikia marahaba. "Mzee, hapa mwisho ni 50, na wewe umekuja na 68." Nikasema ni kweli. Akaitazama leseni yangu, akautazama mlango wa gari ulioandikwa jina la kanisa, akawatazama akina mama na kanga zao za msibani. Kisha akanirudishia leseni. "Basi mzee, nenda. Lakini punguza mwendo, hapa kuna watoto. Na mtuombee."

Ndani ya gari ikasikika, "Bwana asifiwe!" Nami nikaitikia kwa moyo mweupe kabisa. Hatua chache mbele yetu alikuwa amesimamishwa kijana wa bodaboda. Nyuma ya pikipiki yake palikuwa na gunia, na kichwani hakuwa na kofia ngumu. Askari wa pili alikuwa akibonyeza ile mashine ndogo ya kutolea faini. Tulipompita, mama mmoja, aliyekuwa mzee kuliko wote na ambaye si msemaji, aliuliza, "Na yule je?"

Hakuna aliyemjibu. Tulifika Ihumwa kabla mtu hajafungua kinywa tena.

Swali la mama yule limenikalia kooni tangu siku ile, na ndilo linalonifanya niandike. Habari za trafiki tunazizungumza kila siku, tena kwa maneno makali, hasa tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia kwetu, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018. Magari yameongezeka, na askari wameongezeka pamoja nayo. Lakini aghalabu tunazungumza habari za faini na habari za rushwa. Habari za onyo hatuzisemi, maana aliyeonywa akaachwa hana malalamiko. Huenda nyumbani akashukuru. Mimi nilishukuru. Je, nilishukuru kwa haki?

Kwanza tuseme mambo yalivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Dereva aliyekosa anaweza kuandikiwa faini papo hapo, akapewa namba ya kulipia. Na kama hakubali kosa, ana haki ya kwenda kulijibu mahakamani. Faini ya gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Ya pikipiki na bajaji ilikuwa hiyo hiyo, mpaka bajeti ya mwaka 2021 ilipoishusha kuwa 10,000. Yaani kijana yule, kama alikuwa na kosa moja tu, alidaiwa 10,000, na mtu anayebeba abiria kwa pikipiki anajua ni safari ngapi za kuipata fedha hiyo baada ya kutoa ya mafuta na ya mwenye chombo. Mimi ningedaiwa 30,000. Na hapo liko swali jingine ambalo sikulifikiri wakati ule: ningelipa mimi, au ingelipa parishi, yaani sadaka zenu?

Basi askari anaposimamisha gari, mkononi mwake mna njia zaidi ya moja. Anaweza kumpeleka mtu mahakamani, anaweza kumwandikia, na kwa desturi ya kazi anaweza pia kumwonya na kumwacha aende. Njia hii ya tatu ndiyo yenye utata. Faini ina kiwango, ina stakabadhi, na inaandikwa kwa namba ya gari. Onyo halina kipimo, na aghalabu haliandikwi popote. Limeachwa katika hekima ya kijana mmoja aliyesimama juani tangu asubuhi.

Wengi wetu tunalichukua onyo kama msamaha. Twasema, "Trafiki amenisamehe." Hebu tulitazame neno hilo. Anayesamehe ni yule aliyekosewa. Nikimtukana jirani yangu, jirani ndiye mwenye kunisamehe, si balozi wa nyumba kumi. Sasa mimi nilipopita pale shuleni na mwendo wa 68, nilimkosea nani? Si askari. Yeye hakupungukiwa na kitu. Niliwakosea wale ambao wangeweza kuwa wanavuka. Nilifundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Gari lenye mwendo wa 50 hupita karibu mita 14 katika sekunde moja. Lenye mwendo wa 68 hupita karibu mita 19. Hiyo ni sekunde moja tu, ambayo dereva huitumia kushtuka, kabla mguu haujafika kwenye breki. Na breki ikishakanyagwa, umbali wa kusimama haukui kwa kadiri ya mwendo bali kwa mraba wake: 68 kwa 50 ni karibu mara mbili kasoro kidogo. Mtoto wa darasa la kwanza hazijui hesabu hizi. Yeye anaona gari liko mbali, anavuka.

Askari amesimama pale badala ya mtoto huyo. Amewekewa dhamana. Basi anawezaje kusamehe deni ambalo si lake? Karani wa duka la ushirika hawezi kumfutia mtu deni kwa sababu tu amempenda sura.

Nilipofika hapo katika kuwaza kwangu nilikaribia kusema kwamba askari hana haki ya kuonya hata kidogo, na kwamba kila kosa liandikwe. Lakini nikakumbuka jambo la zamani.

Wazee wenzangu mnakumbuka miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa ya shida, na ikapigwa marufuku kuendesha magari ya binafsi siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kwetu sisi wa kanisa sheria hiyo ilikuwa mzigo, maana Jumapili ndiyo siku ya kwenda vijijini. Jumapili moja nilifuatana na mchungaji wetu kwenda kutoa Ushirika Mtakatifu katika kijiji cha upande wa Bahi. Ibada ilikuwa ndefu, kulikuwa na ubatizo, na baada ya ubatizo kulikuwa na ugali ambao usingeweza kukataliwa. Tulipofika Kizota saa nane ilikuwa imekwisha pita, na askari alikuwapo. Mchungaji akaeleza. Askari akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima sana. Kisha akasema, "Baba, sitakuandikia kosa. Lakini gari lako limefika mwisho wa safari. Liache hapa chini ya mti, nitaliangalia, uje ulichukue kesho asubuhi." Tukashuka. Mchungaji akabeba kanzu yake na vyombo vya Ushirika ndani ya sanduku, mimi nikabeba kuku tuliopewa, tukaenda kwa miguu mpaka mjini.

Wakati ule nilimwona askari yule kuwa mtu mgumu. Sasa nadhani alilifahamu onyo kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye barabarani. Hakututoza kitu. Wala hakutuachia kosa letu tuondoke nalo. Kosa lilikuwa kuendesha, na kuendesha kulikoma pale pale. Asingetusamehe, maana sheria haikuwa yake. Lakini aliona kwamba hatukukusudia ubaya, na kwamba kutupeleka kituoni kusingeokoa hata lita moja zaidi ya petroli.

Hapo ndipo nionapo tofauti. Msamaha hulifunga shauri. Onyo huliacha wazi. Anayeonya hasemi, "Yamekwisha." Anasema, "Hili liko kati yangu na wewe, na likirudi litakuwa kubwa zaidi." Katika Injili ya Mathayo sura ya 18 Bwana wetu ameweka utaratibu wa kumwonya ndugu aliyekosa: kwanza wawili peke yenu, kisha mbele ya shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya kanisa. Onyo lina hatua, na hatua ya pili haiwezi kuwapo kama ya kwanza imesahauliwa. Hata sisi wazee wa kanisa tunapomwonya mtu, kitabu kipo.

Barabarani kitabu hicho hakipo. Mtu anaweza kuonywa Gairo, akaonywa Kibaigwa, akaonywa Chamwino, na kila mahali likawa onyo la kwanza. Faini inakumbukwa, ukiingiza namba ya gari utaona deni lake. Onyo la mdomo halina pa kukaa isipokuwa katika dhamiri ya yule aliyeonywa. Kwa hiyo askari anayeonya anamwamini dereva kwa jambo kubwa sana. Anamwambia, "Wewe ndiwe utakayelikumbuka." Mtu aliyekabidhiwa hivyo, naye akaenda zake akisema Bwana asifiwe, na kilometa kumi mbele akarudi kwenye mwendo ule ule, ameiba kitu, ingawa hakuna hakimu atakayemwita.

Sasa nije kwenye lile ambalo mmekuwa mkilingoja. Liko onyo lingine ambalo si onyo. Dereva anasimamishwa, anaambiwa kosa, na papo hapo kunaingia neno la "tusaidiane" au "tuyamalize hapa hapa." Shilingi 5,000 au 10,000 zinapita ndani ya leseni iliyokunjwa, zikiitwa ya maji au ya soda, na kwa sauti kubwa, ili abiria wasikie, askari anasema, "Haya, nenda, siku nyingine usirudie." Anayetazama kwa mbali hawezi kutofautisha jambo hili na huruma. Gari limesimama, maneno yamesemwa, gari limeondoka bila karatasi. Ndiyo sababu watu wengi hawaamini tena kwamba liko onyo la kweli. Biashara imevaa nguo za huruma, na huruma yenyewe sasa inashukiwa inapopita.

Lakini tazameni lile neno "tuyamalize." Mauzo hulifunga shauri, sawa kama msamaha unavyolifunga. Kinachouzwa pale ni haki ya mtoto wa darasa la kwanza, ambaye hayupo katika mapatano. Wawili wameelewana vizuri, wa tatu hakuulizwa.

Yohana Mbatizaji alipokuwa akihubiri kule Yordani, twasoma katika Luka sura ya 3, watoza ushuru walimwendea wakamwuliza wafanye nini, na askari nao wakamwuliza. Hakuwaambia waache kazi. Watoza ushuru aliwakataza kutoza zaidi ya kiwango walichoamriwa. Askari aliwakataza kudhulumu mtu na kumshitaki kwa uongo, akawataka waridhike na mshahara wao. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi, na mwaka huu tu ndipo nilipoona kwamba Yohana hakusema lolote juu ya kutoza pungufu ya kiwango. Labda haikumpitikia kwamba mtoza ushuru angekosea upande huo. Kwetu upande huo ndio wenye mtego, kwa maana 10,000 bila stakabadhi ni pungufu ya 30,000, na kwa hiyo dereva huiita msaada, na askari naye huweza kujihesabu kuwa amemhurumia mtu maskini.

Sitaki kuwahukumu askari kutoka kwenye kivuli cha baraza langu. Nimewaona mwezi wa saba, upepo wetu wa Dodoma unapopeperusha vumbi, wamesimama kutwa kwenye njia panda, ile sare nyeupe imekuwa rangi ya udongo. Tume ya Jaji Joseph Warioba, aliyoiunda Rais Mkapa mwaka 1996, ilitofautisha rushwa ya wale wanaopokea kwa sababu mshahara hautoshi na rushwa ya wakubwa wanaopokea kwa tamaa. Tofauti hiyo ni ya kweli, na mwenye huruma ataikumbuka. Lakini hapo kuna watu wawili, na yule mwingine ni sisi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Nao wale waliokuwa wanachama wa TANU mnakumbuka tuliahidi mambo yote mawili katika sentensi moja, kutopokea na kutotoa. Nimekaa katika mikutano mingi ya parishi ambamo rushwa ya trafiki imelaaniwa. Sijasikia hata mmoja akisimama kusema, "Mimi nilitoa Jumanne."

Nami sikutoa kitu siku ile. Hilo lilinifanya nijione msafi. Lakini swali la mama yule halikuwa juu ya fedha. Aliuliza habari za yule mwingine.

Kwa nini mimi nilionywa na yule kijana akaandikiwa? Nimejaribu kumtetea askari. Labda bodaboda alikuwa ameonywa jana yake. Labda leseni hakuwa nayo. Kofia ngumu ni kosa ambalo mtu hawezi kusema amelifanya bila kujua, maana anajua kichwa chake kiko wazi. Lakini hata kasi nilikuwa naijua. Nimekwisha kiri kwamba kibao nilikiona. Tena kosa lake lilimhatarisha yeye mwenyewe zaidi ya wengine, na langu liliwahatarisha watoto wa watu. Ukizipima kwa mizani hiyo, mimi ndiye niliyestahili kuandikiwa. Nadhani kilichoniponya ni mvi zangu, sauti ya shikamoo na marahaba, na yale maneno kwenye mlango wa gari.

Tunanung'unika kwamba magari ya namba za ST hupita bila kusimamishwa, au yakisimamishwa hupigiwa saluti. Manung'uniko hayo huenda ni ya haki. Lakini na sisi tunazo ST zetu. Wengine huweka kola ya kichungaji kwenye kioo cha mbele, wengine Biblia, wengine kibandiko cha kwaya. Sisemi ni vibaya kuviweka. Nauliza tu tunaviweka vitazame upande gani, maana Biblia iliyowekwa juu ya dashibodi imefunguliwa kwa ajili ya nani asome? Upendeleo tunaoupata hatuuoni kuwa upendeleo, tunauona kuwa neema. Na neema hiyo inamfundisha kijana wa bodaboda kwamba sheria ni kitu cha kuwapata wale wasiojulikana.

Onyo la haki, basi, nadhani litajulikana hivi: askari angeweza kulitoa kwa yeyote kati yetu wawili mbele ya mwenzake, akaeleza sababu, na sababu hiyo isiwe sura ya mtu. Taa ya nyuma imeungua njiani na dereva hakujua: aonywe, apewe nafasi ya kununua balbu mji ulio mbele, awe nani awe. Mgeni aliyepotea akaingia njia isiyoruhusiwa: aonywe, aelekezwe. Hapo onyo linafundisha kuliko faini. Lakini yako makosa ambayo onyo na faini vyote haviyatoshi. Basi lenye tairi zilizokwisha kuwa vipara linapoandikiwa 30,000 likaachwa liendelee na abiria wake, tairi hazikuota meno kwa sababu ya ile karatasi. Serikali imepata fedha yake, na hatari imeendelea na safari. Nawaombea askari wetu ujasiri wa yule wa Kizota, wa kusema, "Gari limefika mwisho wa safari," hata kama abiria watapiga kelele. Nasi tuliomo ndani ya basi tungefanya vema kutokuwa wale wanaopiga kelele kwamba tunacheleweshwa. Nimewahi kuwa mmoja wao.

Wako wanaosema kwamba askari hujificha nyuma ya mibuyu na kile kifaa cha kupimia mwendo, ambacho madereva hukiita tochi, ili wapate wa kuwatoza kuliko kuzuia kosa. Jeshi la Polisi lenyewe limekuwa likihimiza utii wa sheria bila shuruti, na mtu anaweza kuuliza ni hiari gani inayofundishwa na askari wa kichakani. Maoni yangu ni kwamba mbele ya shule askari aonekane, tena aonekane sana, kwa sababu pale tunachotaka ni mtoto avuke, si dereva apatikane. Kwenye mbuga tupu akijificha simlaumu. Huko anampima mtu alivyo.

Nasi tumepata dawa ya hilo. Dereva akimwona trafiki, humwashia taa kila anayekuja mbele yake, mara mbili, ili apunguze. Tunaona ni upendo wa jirani. Nabii Ezekieli, sura ya 33, aliambiwa habari za mlinzi aonaye upanga unakuja: akipiga tarumbeta, amejiokoa, asipopiga, damu itatakwa mkononi mwake. Sisi ni walinzi hodari sana, lakini upanga tunaouona ni askari. Nimeendesha barabara ya Morogoro kwa miaka mingi, na nimewashiwa taa mara zisizohesabika kwa ajili ya trafiki. Kwa ajili ya watoto wanaotoka shule sikumbuki kuwashiwa hata mara moja.

Barabara hiyo hiyo, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akiipita kutoka Bungeni hapa Dodoma kwenda Dar es Salaam. Gari lililokuwa likija mbele liligongana na lake karibu na Dakawa, mkoani Morogoro, naye akafa. Nilikuwa darasani habari ilipotufikia, na walimu watu wazima walilia mbele ya watoto. Alikuwa na ulinzi kama wa Waziri Mkuu yeyote. Gari la mtu mmoja lilitosha. Tangu hapo nimejua kwamba lami haina cheo, lakini kujua ni kitu kimoja na kupunguza mguu ni kingine, kama mlivyokwisha sikia.

Baada ya wiki tatu nilikwenda tena Kongwa, peke yangu. Sikumkuta askari yule kijana; nilitaka kumwambia jambo, ingawa sikuwa na hakika ni jambo gani. Wala yule wa bodaboda sikumwona, na ningemtambuaje? Nilipita kijijini na mwendo wa 50, na basi lililokuwa nyuma likanipigia honi mpaka likanipita. Wakati wa kurudi ilikuwa mchana, saa ya watoto kutoka. Walikuwa wamejaa pembeni, masweta ya bluu, wengine na vidumu vya maji. Hapakuwa na trafiki. Nilipomaliza nyumba za mwisho nikaona lori linakuja mbele, tena kwa mwendo mkubwa. Nikawasha taa mara mbili.

Dereva akapunguza saa ile ile. Tulipopishana alitoa mkono dirishani, akaufungua kiganja, akiniuliza wako wapi.